Kumi Zinapelea

Mimi natoa nakala. Meza yangu iko ubavuni mwa geti la Uhamiaji, Tanga.
Ukuta hunipa kivuli hadi saa tano, kisha jua na mimi.
Nakala, picha za pasipoti, gundi, kalamu ya kuazima
(kalamu hairudi). Asiyeweza kuandika, namwandikia.
Waja leo waondoka leo, ndivyo wanavyousema mji huu.
Mimi nawajua wanaobaki.

Nyamvula Mwachili wa Vanga alikuja Jumatatu,
kijitabu kimefundikwa kwenye pindo la leso.
"Nisomee muhuri. Macho yangu ni ya mbali tu."
Nikasoma: ameingia Horohoro, tarehe tatu Februari,
siku tisini, asifanye kazi yoyote.
Akacheka. "Mgeni siku ya tatu si hupewa jembe?
Nyinyi mwaninyima jembe siku tisini!"

Alikuja mapema, miguu ya binti ilikuwa imevimba.
Kliniki iliandika katikati ya Machi. Mtoto hakusoma kadi.
Nepi zilifuliwa, zikaanikwa, zikafuliwa tena bila mwenyewe,
hadi siku ya sitini na moja, alfajiri, pale Bombo,
akaja, mkono mmoja sikioni kama anayepokea simu.

Tukahesabu kwenye kalenda yangu ya duka la saruji.
Sitini zimeliwa na kungoja.
Thelathini zimo muhurini.
Arobaini ya mzazi ni arobaini,
haikatwi, haikopeshwi.
Kumi zinapelea.

Kijana aliyekuwa akisubiri picha zake akadakia:
"Panda gari, bibi, vuka, kunywa chai Lungalunga, rudi.
Muhuri mpya, tisini mpya."
Nimewaona waliofanya hivyo. Wapo waliorudi wakicheka.
Mmoja alizuiwa mpakani, chai yake bado ya moto tumboni.
"Na mkaja," akauliza bibi, "nani atamfunga mwanangu
mimi nikiwa kwenye foleni? Mkono wa jirani hulegea."

Basi fomu. Jina. Namba. Anwani ya mwenyeji:
"nyumba ya tatu baada ya mashine ya kukoboa,
ile yenye mbuzi mwenye pembe moja."
Nikaandika: Makorora.
Sababu ya kuomba kuongezewa muda:
mstari mmoja, mfupi kuliko kidole changu.
Niliandika alivyosema, kwa herufi za sisimizi,
nikapinda kona, nikaingia hadi
palipoandikwa *kwa matumizi ya ofisi tu*.

Nikafunika mashine kwa turubai, nikaingia naye.
Afisa Nsajigwa, mtu wa Tukuyu, ana siku hamsini Tanga,
chache kuliko za bibi, ila zake hazina muhuri.
"Siku themanini na nne. Umekuwa ukifanya nini?"
"Nakanda."
Kalamu ikasimama.
"Unakanda unga? Mandazi? Una kibali cha biashara?"
"Mgongo, baba. Nakanda mgongo wa mzazi.
Kwenu hawakandwi?"
Feni ikazunguka mara nyingi.
"Hukandwa," akasema, kwa sauti isiyokuwa ya ofisi,
kisha akairudisha ya ofisi: barua ya mwenyeji,
kadi ya kliniki, nakala ya muhuri. Fomu haina safu ya arobaini.
"Omba thelathini, mama. Watu huomba nyingi."
"Za nini? Siku ya arobaini mtoto hutolewa nje.
Na mimi nitoleweni siku hiyohiyo."
"Njoo Alhamisi."

Alhamisi alitoka getini mbio, hakusimama,
akanipungia kijitabu: maji ya kukandia yako motoni.
Sikuona kilichogongwa ndani.

Kuna jambo sikumwambia.
Nakala ya kwanza ya muhuri ule, wino ulivia,
tatu ikasomeka nane.
Siku tano za bure, zimetoka kwenye mashine yangu
zikiwa na joto, kama mkate.
Niliishika muda mrefu kuliko inavyostahili karatasi.
Kisha nikatoa nyingine, safi, tatu yake wazi.
Tano zisingetosha kitu, najua.
Ile mbovu ninayo bado, chini ya kopo la gundi.